Sikupanda Mbio

Mkoani, Pemba

Kaka Sudi,

Salamu zikufikie hapo Tanga, na miguu iwe imepunguza maumivu.

Jana usiku, mkondo ulipotulia, nilizama kwenye meli iliyolala kilindini, tunakotoa shaba. Taa ikazimika nikiwa chumba cha mashine. Nikaufuata mpira wangu wa hewa kwa kupapasa mpaka nikatoka nje. Huko juu dhoruba ilikuwa imeanza, na msimamizi akavuta kamba: panda upesi! Nikakumbuka wewe ulivyopandishwa mbio, ukatolewa majini huwezi kusimama. Nikaikumbatia kamba ya nanga gizani, nikapanda kidogo kidogo, nikisimama na kungoja kila baada ya pima chache ili hewa initoke mwilini taratibu, kama ulivyonifundisha. Huko juu, nimesimuliwa baadaye, msimamizi akaamuru nivutwe kwa nguvu. Mzee Hamadi, mshika kamba wangu, akakataa: "Bwana, siivuti. Atapanda mwenyewe."

Nilipofika chomboni, msimamizi alifoka, "Umeniasi!"

"Naam," nikamwambia, "na kesho ukiniamuru nipande mbio nitakuasi tena."

Ameninunia, lakini hajanifukuza. Mchana huu mke wa Mzee Hamadi katupikia pweza wa nazi. Nimekula sahani mbili, na ya pili nimeila kwa niaba yako.

Mola akuafu, kaka yangu.

Mdogo wako,
Athumani