Insha Iliyomzika Baba

Tanta, 6 Septemba

Mdogo wangu Inas,

Salaam nyingi, na kwa mama zaidi. Mimi si mgonjwa; hofu tu, kila mkuu wa idara anapopita mezani kwangu nainamia karatasi mpaka aondoke. Wewe vipi? Mama anakula?

Nimekupatia mwalimu wa ile insha ya kuombea chuo cha ng'ambo. Anaitwa Ustadh Ramzi, kituo chake kipo hapohapo mtaani kwenu Shubra. Wanasema wanafunzi wake wamefika mpaka Kanada. Ada nimeshalipa.

Jambo moja, tafadhali. Baba usimtaje. Kwa ofisi yangu hii ya serikali, kwa majirani, kwa kila mtu, baba yuko kazini Kuwait. Wakijua yuko gerezani kwa ule mgomo wa kiwandani, kesho sina kazi, nanyi hamna kodi ya nyumba. Andika habari za njiwa wa bibi. Barua hii namkabidhi dereva Sobhi mkononi, maana simu siziamini. Ukishaisoma, ichome.

Kaka yako,
Hatem

Kairo, 14 Septemba

Kaka mwoga kuliko wote, shikamoo.

Mama anakula kidogo, anashona sana. Juzi alipeleka tena mfuko wa chakula na nguo za ndani gerezani. Mfuko waliupokea, ila kumwona baba, hapana. Mwaka wa pili huu.

Ustadh Ramzi ana kitambi, na anatafuna mbegu za maboga huku akisoma kazi zetu. Nilimpa njiwa wako. Akasoma, akatema ganda.

"Binti, hawa njiwa wamenenepa?"

"Ndiyo, Ustadh."

"Basi wachinjeni, muwajaze mchele, mle. Chuo hakimpi mtu nafasi kwa njiwa. Nyumbani kwenu hakuna kilichowahi kuwauma?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Kaka, nataka kuandika ukweli. Watakaoisoma wako ng'ambo. Huku Shubra wanamjua nani?

Mdogo wako,
Inas

Tanta, 19 Septemba

Inas,

Salaam, na pole na masomo. Usingizi sikuupata, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Ukweli usiandike. Nakuomba kama kaka, na nakukataza kama kaka. Ikiwa lazima baba awemo, basi andika kwamba amekufa. Ugonjwa wa moyo, ghafla. Mtu aliyekufa haulizwi yuko wapi wala alifanya nini. Mwalimu wako atapata hayo maumivu anayoyataka, nasi tutakuwa salama. Najua ni neno zito, lakini ni insha tu. Mama asijue.

Kaka yako,
Hatem

Kairo, 2 Oktoba

Kaka, shikamoo.

Natumaini hofu imepoa. Nimefanya ulivyosema. Nimeandika jinsi mama anavyoweka bado glasi ya chai ya baba mezani, jinsi anavyoshona magauni ya maharusi huku machozi yakimdondoka. Yote ni kweli isipokuwa kifo.

Ustadh Ramzi aliacha mbegu zake akafuta macho. "Hii ndiyo insha! Nyinyi wengine mnaniletea mapishi!" Ataitia kwenye kijitabu chake cha insha za mfano, kile kinachouzwa kila mwaka kwenye maduka ya fotokopi. Jina langu ataliondoa. Sikuweza kumkatalia. Ningempa sababu gani?

Niliporudi nilimkuta mama anapiga pasi mashati ya baba. Nilishindwa kumtazama.

Mdogo wako,
Inas

Kairo, 27 Novemba

Kaka, shikamoo.

Barua zangu mbili hukuzijibu. Hii ijibu, nakuomba.

Jumatatu Mama Wagdi wa ghorofa ya chini alipanda kwetu amevaa nyeusi, na sukari na kahawa mkononi. "Mama Hatem, Mungu akupe subira. Msiba wote huu umejifungia nao peke yako, kwani sisi si watu?" Mwanawe alinunua kijitabu. Jina halimo, lakini mshonaji wa magauni ya maharusi mwenye binti anayeomba chuo, mtaa huu yuko mmoja.

Mama aliisoma mwenyewe. Nikamwambia ni uongo wa shule. Akasema, "Binti yangu hawezi kutunga kifo cha baba yake. Mmepata habari mkanificha." Nikasema ni wewe uliyeniagiza. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. "Hatem yuko serikalini," akasema. "Hatem anajua." Jioni wanawake walijaa mpaka ngazini.

Insha nimeichana, na chuo siombi tena. Lakini sikia: jana kibali cha kumwona baba kimetoka! Watu wawili, Alhamisi ijayo. Mama hataki. Anasema wanamwita akachukue maiti. Atakuamini wewe tu. Njoo umwambie, tafadhali.

Mdogo wako,
Inas

Tanta, 1 Desemba

Inas,

Salaam. Natumaini mama ametulia kidogo.

Pale mlangoni pa gereza wanauliza jina na mahali pa kazi. Jina langu likishaingia, litanifuata mpaka huku. Nenda wewe, umeshatimiza miaka kumi na minane. Nikipoteza kazi hii, nani atawalisha? Mwambie baba kwamba nina kazi nyingi. La, usimwambie hivyo. Mwambie lolote utakaloona linafaa.

Kaka yako,
Hatem

Kairo, 7 Desemba

Kaka Hatem,

Nilikwenda.

Mama alizuia mlango nisitoke na nguo ya rangi. "Binti wa marehemu!" Nikavaa nyeusi ili nisichelewe.

Pale mnaonana kupitia nyavu mbili za chuma, askari anapita katikati, na watu wote wanapiga kelele kwa pamoja. Baba amekonda, meno ya mbele hana. Alinitazama nguo, juu mpaka chini. Kisha akatazama nyuma yangu, akangoja mwingine aingie. Hakuna aliyeingia.

Nikapaza sauti, "Mama mzima! Baba, mama mzima, yuko nyumbani!" Akatikisa kichwa, kama mtu anayemhurumia mtoto. Akainua viganja akaanza kumsomea mama Fatiha. Hakuimaliza. Filimbi ililia, wakamtoa mikono ikiwa bado juu.

Kibali kingine hakuna mpaka watakapopenda wao.

Nimemweleza mama yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama walimwosha vizuri.

Mdogo wako,
Inas