Jumamosi za Mwalimu Kutu

Mdogo wangu Eli,

Hali yako siulizi. Yangu mimi ni bahati tupu, kama kawaida. Mtu aliyeishia darasa la saba, aliyelala bandari za Ugiriki na Uholanzi bila pasi, leo ni mwalimu Marekani. Lile darasa lako la mswaki nimelishika. Kila Jumamosi saa nne asubuhi watoto wananishangilia kuliko walivyokushangilia wewe, samahani lakini ndio ukweli. Wiki ya sita sasa tangu ufe, na sijakosa hata moja.

Mengine yapo tu. Kitanda chako nimekitandika. Nabeba wasafiri wa eapoti, nawatania njia nzima, wanacheka, na nikishawashusha sikumbuki nilisema nini. Watu wananiuliza kama nalia. Silii. Nilidhani nitalia siku mama yako aliponipigia kwamba wameshakuzika. Nikajikuta nasugua sufuria huku namsikiliza, mpaka ikang'aa.

Unakumbuka ulivyokuja na ile karatasi? Mshauri wa chuo chenu alikwambia alama zako nzuri, lakini shule ya udaktari wa meno kule Houston itataka kuona umejitolea mahali. Nikauliza kujitolea ni kazi gani. Ukasema kazi ya bure. Nikakwambia wenzako waliletwa nchi hii kwa minyororo ili wafanye kazi ya bure, wewe umekuja kwa miguu yako na bado unaomba fomu. Ulicheka, mkono mdomoni. Mkono wako ule! Mwaka mzima tunakaa chumba kimoja, na meno yako nilikuwa sijayaona sawasawa.

Tulichagua wote wawili, mezani, hapa hapa Dallas, kama wazee wanaotafuta mchumba. Kulikuwa na nyumba ya kutunza wazee Garland, karibu na ghala ulilokuwa unafanyia kazi. Kulikuwa na kliniki ya meno Carrollton, vioo vitupu. Na kulikuwa na chumba cha kanisa Vickery Meadow, kufundisha watoto wa wakimbizi kupiga mswaki. Mimi, mjuzi wa dunia, nikasema Carrollton. Daktari mwenye ofisi kama ile akikuandikia barua ya kukusifu, Houston watakufuata wenyewe. Ukanisikiliza. Ulikuwa unanisikiliza sana, hilo ndilo lilikuwa kosa lako.

Carrollton ulimaliza Jumamosi mbili. Ya pili mgonjwa mmoja alikuuliza kama wewe mwenyewe huwa unapiga mswaki, na kuanzia hapo wakakuhamishia chumba cha mafaili. Ulinisimulia huku unamenya viazi, bila hasira. Nani Carrollton angejua habari za kwenu Maji ya Chai? Nani angejua kwamba maji ya kwenu yana floraidi nyingi, kwamba mtoto anayanywa kabla hajaota meno ya ukubwani, na meno yanatoka ya kahawia hata uyasugue kwa mchanga? Ukasema unaacha kuomba shule. Ukasema, "Kaka Shomari, daktari wa meno asiyeweza kucheka ni daktari gani?"

Nikakutia kwenye gari nikakupeleka Vickery Meadow.

Nilisimama mlangoni siku ile. Watoto wa Kikongo kama ishirini, na wewe mbele yao na lile taya kubwa la plastiki la kufundishia. Ukaanza kusema, mkono mdomoni. Kale kasichana ka mstari wa kwanza, Furaha, kakanyoosha kidole: "Mwalimu, meno yako iko na kutu."

Nilitaka kuingia nitoe mzaha wowote, nikuokoe. Ukashusha mkono. Ukainama mpaka kwake, ukafungua kinywa chote, ukamwambia agonge kwa ukucha aone kama kutu inatoka. Akagonga. Akakwangua. Haikutoka. Akawageukia wenzake akawaambia, "Iko nguvu." Ukacheka, Eli, na hapo ndipo nilipoyaona yote, ya kahawia, yamepangika kama muhindi wa kuchoma. Tangu siku hiyo ukawa Mwalimu Kutu, na kwenye maombi yako ukaandika habari za jina hilo, si za Carrollton. Houston wakakuita kwenye usaili.

Ulinipa kazi moja tu. "Jumamosi nitakayokuwa Houston, nishikie darasa. Wasije wakakosa mtu." Siku tatu kabla ya safari moyo wako ulisimama pale ghalani, mchana, katikati ya maboksi.

Houston nilipiga mimi. Dada wa watu akauliza kwa upole kama unahitaji tarehe nyingine. Nikasema ndiyo. Yule mama wa kanisa anayeshika funguo akapiga kuuliza mbona huonekani. Nikasema uko Houston. Kwa hiyo Houston wanajua uko Dallas, Dallas wanajua uko Houston, na wewe uko Maji ya Chai chini ya migomba ya baba yako. Ni utani mzuri kuliko wote niliowahi kutunga, na sina wa kumsimulia.

Basi pumzika, Dokta. Jumatatu nitawapigia Houston niwaambie neno lenyewe. Na Jumamosi hii nitawaambia watoto, Furaha wa kwanza.

Kuhusu yale niliyoanza nayo. Kila Jumamosi saa nne naegesha gari ng'ambo ya barabara. Wanakaa kwenye ngazi na miswaki yao, yule mama anatazama saa, halafu wanaondoka. Walikuwa ishirini. Wiki iliyopita walikuja watano, Furaha akiwemo.

Sijafundisha hata siku moja, Eli. Sijashuka garini.

Shomari