Soda ya Adriano

Milanzi,
Sumbawanga.
7 Julai 2024.

Mpendwa mdogo wangu Adriano,

Hujambo huko Mtwara? Joto limekuzoea? Sisi baridi imetubana, tunaota moto tangu asubuhi. Mahindi yameshaingia ndani, sasa tunapura ulezi. Kwenye simu ungenikatisha kwa kicheko chako, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Vidonge vya vitamini C ulivyotuma tulivipokea kwa shangwe. Unatujua: kitu cha mtoto aliye mbali lazima kila mtu akionje, hadi majirani. Vilipotoa povu kwenye glasi, Baba akaviita soda ya Adriano. Mdogo wetu Isdori alikuwa na mafua, basi akavifanya chai, glasi baada ya glasi kutwa nzima. Wiki haikuisha, mkojo ukawa mweusi na macho ya njano. Tulimkimbiza hospitali, akaongezewa damu. Sasa anatembea, na utani wake umerudi.

Daktari alisema chembe zake nyekundu za damu zimepungukiwa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho huzikinga zisiharibike, kama rangi inavyokinga bati lisishike kutu. Vitamini C ya kiasi haina ubaya, lakini ikizidi mno yenyewe ndiyo inaleta hiyo kutu, na chembe zisizo na kinga zinapasuka. Machungwa kula tu. Sisi hatukudhurika, ila kasoro hiyo watoto wa kiume huirithi kwa mama.

Hapo Mama akamkumbuka kaka yake, mjomba Eustaki. Unakumbuka alivyokubeba mabegani kwenda porini kuokota matunda ya masuku, nawe ukimpaka utamu wote kwenye nywele? Jamani, nazitamani siku zile! Alipomeza dawa ya malaria akakojoa mweusi vilevile. Watu wakasema karogwa, akafia nyumbani. "Kumbe ilikuwa damu yetu," Mama alisema, akalia hadi nikaogopa.

Adriano, wewe na Isdori mmenyonya ziwa moja, na uliniambia unakunywa vidonge hivyo kila siku. Acha leo. Nenda ukapime, na usimeze dawa yoyote ya malaria kabla ya kumweleza daktari habari za mjomba.

Msalimie sana wifi Edith. Baba, Isdori na shangazi Albina wanakusalimu. Mungu akufunike kwa mkono wake.

Mama ananiagiza niandike hivi: alimzika kaka yake bila kujua kilichomuua. Sasa anajua, usimpe kazi hiyo tena.

Dada yako akupendaye siku zote,
Jovina