Viatu vya Mtoto Viko Kwenye Sanduku la Spana

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unitegee sikio maana mimi si mtu wa maneno na shule niliiacha mapema, hata hii nimeandika nikafuta nikaandika tena, ukikuta nimeharibu nisamehe.

Mimi ni utingo wa basi la kukodi, kila Jumamosi tunabeba watu wa mtaani tunavuka mpaka wanakwenda kula na kununua vitu, maana ng'ambo sabuni, mafuta, nguo, vyote bei ya kutupa, na kuna mama ana hoteli nyuma ya soko, samaki wake watu wanawaota wiki nzima. Kazi yangu kufunga mizigo na kuhesabu watu, wote wakiwemo nagonga bodi mara mbili dereva anaondoa gari. Abiria wananiita Bubu. "Bubu, mchumba utamtongoza kwa honi?" wanacheka, na mimi nacheka kidogo naendelea kukaza kamba.

Naishi kwa kaka yangu, ndiye aliyenilea. Shemeji yangu, mkewe, hajawahi kuninyima chakula. Kaka akilewa anampiga. Ukuta wetu ni wa mabati, nasikia yote, na asubuhi namwona anachota maji kavaa mikono mirefu na jua linawaka, sijawahi kusema kitu.

Sasa mvua zilipoanza shemeji akasema anataka kwenda kumnunulia mtoto viatu vya shule, akampima binti yake mguu kwa uzi, kaka akamruhusu. Mchana tukiwa hotelini akanisogezea sahani yake, samaki hajamgusa, akasema, "Kula, shemeji. Mimi sirudi." Nikadhani mzaha. Akanipa mfuko. "Hivi viatu mpe mwanangu. Ningekuja naye, kaka yako asingekubali. Nikipata pa kulala nitamchukua. Ninapokaa usimwambie mtu, nakuambia wewe kwa sababu unajua kunyamaza." Jioni dereva akaita, "Bubu, wote wamo?" Watu wamechoka, magunia yamewafunika, hakuna anayemwangalia mwenzake. Nikagonga bodi mara mbili.

Kaka aliponiuliza nikasema sikuona, amepotea sokoni. Basi viatu ningevitoaje, si wangeuliza vimetoka wapi? Vimo kwenye sanduku la spana chini ya kiti changu mpaka leo, mvua zimekwisha, mtoto anakwenda shule na viatu vya zamani vimekatwa mbele vidole vinachungulia, na naogopa hata hivi vipya vimeshakuwa vidogo, mguu wa mtoto haumsubiri mtu.

Shemeji anaosha vyombo jikoni kwa yule mama wa samaki. Abiria hawafiki huko nyuma, mimi nafika kuchota maji ya rejeta. Kila Jumamosi ananiuliza kitu kimoja tu, "Vinamtosha?" Natikisa kichwa, ndiyo. Anageuka pembeni anajifuta macho kwa kiwiko, mikono ina povu.

Kilichonisukuma niandike ni hiki, mama yake mzazi amekuja kwetu, ni mzee, anakaa sebuleni chakula hakipiti, na juzi akasema mbele ya wote, "Mwanangu angekuwa hai angeshaniletea salamu. Niacheni nimlilie." Wamekubaliana matanga yawe mwisho wa mwezi, bila maiti. Kaka naye analia kweli, amekonda, pombe ameacha, ananishika mkono, "Mdogo wangu, akirudi simgusi tena." Na mtoto ameniuliza, "Baba mdogo, mama amekufa?" nikainuka nikatoka nje. Nikisema nimemsaliti shemeji, nikinyamaza bibi atamlilia mtu anayeosha sahani. Nifanye nini?

Utingo

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeirukisha foleni, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili kaka yako akilishika gazeti hili asijitambue.

Nimekuhurumia, halafu nimekukasirikia. Si kwa kugonga bodi. Siku ile huenda uliokoa maisha ya mtu. Nakasirikia kichwa unachotikisa kila Jumamosi. Yule mama anapata usingizi kwa sababu anaamini mwanawe amevaa viatu, na mwanawe anakanyaga mawe. Huko si kunyamaza tena. Na zile asubuhi za mikono mirefu, hukubisha hata hodi. Hilo utabaki nalo, sina dawa yake.

Sasa sikiliza. Shemeji yako alikuomba ufiche anapokaa. Hakukuomba ufiche kwamba anapumua. Hizo ni siri mbili, wewe umezifunga kamba moja kama magunia yako.

Leo hii mvizie bibi akiwa peke yake, umwambie, "Bibi, mwanao yuko hai, nimemwona kwa macho yangu." Basi. Wapi, usiseme. Na kwa kuwa furaha ya mzee haifichiki usoni, asikae hapo kwenu. Aombe kukaa na mjukuu wake siku chache kwake, hakuna baba atakayemnyima bibi aliyefiwa. Jumamosi hii mwambie shemeji ukweli wote, wa viatu na wa matanga, umuulize kama yuko tayari. Akikubali, Jumamosi itakayofuata bibi apande basi lako na kikapu chake na mtoto mkononi. Nusu ya mtaa inavuka kwenda kununua. Nani atamuuliza bibi kizee anafuata nini sokoni?

Machozi ya kaka yako nayaamini. Lakini kulia kwa aliyeachwa si toba. Akitaka kutubu kuna wazee wa pande zote mbili, wamkalishe, na mkewe ajibu akiwa huko huko aliko, kwa hiari yake. Wakishavuka, hamia kwa dereva kwanza, ndipo umwambie kaka mbele ya watu wazima: "Yuko hai. Matanga hakuna." Akiuliza wapi, hapo sasa kuwa bubu.

Na mtoto alikuuliza swali ukakimbia. Rudi ukamjibu, bibi yake akiwepo.

Kuhusu viatu, usiogope. Mwanamke aliyejua kwamba harudi hakununua viatu vya siku ile. Vitoe kwenye spana, vifute grisi, umvalishe mwenyewe. Utaona ndiyo kwanza vinaanza kumtosha.