Kila Nyumba ya Tano

Jumatatu, 4 Machi

Asilimia tisini na sita! Katika kila watu mia, tisini na sita "wameridhika sana" na diwani wao. Hata malaika hapati kura hizo. Nimesimama mbele ya darasa na matokeo yao mkononi, nikauliza mtaa mzima umelishwa nini.

Mwaka wa tatu, sayansi ya siasa, watu wanaobishana mchana kutwa kuhusu dola na demokrasia—leo wanatazama viatu.

Nikawabana mpaka likatoka. Wiki iliyopita walipofika mtaani kufanya mahojiano ya mazoezi, walipokelewa na mpambe wa diwani. Mchangamfu, wanasema, na mwavuli mkubwa. Akawazungusha nyumba kwa nyumba, eti wasipotee. Na mlipokuwa mnauliza maswali alikuwa wapi? Pale pale, Mwalimu. Mmoja akaongeza, kama ananiletea habari njema, kwamba mhojiwa akisitasita, yule bwana alikuwa anamsaidia kukumbuka.

Kumsaidia kukumbuka! Nimefoka mpaka darasa la jirani wakafunga madirisha. Mwezi mzima nafundisha kwamba jibu la mtu linategemea nani anasikiliza. Mwezi mzima wanatikisa vichwa na kuandika. Sikio la kufa halisikii dawa.

Wanarudi. Wote. Bila mpambe, bila mwavuli.

Jumanne, 5 Machi

Nimewaandikia utaratibu upya, maana ukiwaachia upenyo tu wanatumbukia shimoni. Anzia kwenye mashine ya kusaga. Shika upande wa kulia. Piga hodi kila nyumba ya tano. Usiandike jina la mtu wala namba ya nyumba. Mwahidi mhojiwa kwamba hakuna atakayejua nani alisema nini. Na mtu mwingine akifuata utaratibu huu kesho, afike kwenye milango ile ile—huo ndio utafiti, mengine ni umbea.

Sentensi ya mwisho nimeipenda. Nimeisoma darasani mara mbili. Nakala kwa Mkuu wa idara, apige muhuri wake anaoupenda kuliko watoto wake.

Jumatatu, 11 Machi

Asilimia thelathini na moja.

Hii sasa ni namba ya binadamu! Na safari hii watu wamesema sababu. Fundi viatu wa pale alilalamikia taka kwenye mkutano mwaka jana. Wiki iliyofuata kibanda chake kikavunjwa—barabara inapanuliwa, aliambiwa. Barabara haijapanuka hata shubiri. Tangu hapo watu wameshika adabu. Wengi walichungulia nje kwanza kabla ya kujibu. Wengine walimwuliza mwanafunzi: una hakika hayatoki hapa? Naye akaapa. Niliwafundisha mimi kuapa hivyo.

Bi Swali ndiye aliyefanya kazi safi kuliko wote. (Jina nimempa mimi, kwa sababu hajawahi kuniacha nimalize sentensi.) Alisimulia habari za mama mmoja mtu mzima, fundi cherehani, aliyemjibu saa nzima bila kusimamisha mashine. Akamnukuu: "Diwani wetu akipiga chafya, sisi ndio tunaambiwa tuna mafua."

Nimejiuma ulimi. Hapa duniani mtu anayesema hivyo ni mmoja. Shangazi! Shangazi aliyenilea, barazani kwake, upande wa kulia. Sikutakiwa kujua. Nimekausha uso, nikasema endelea.

Alhamisi, 14 Machi

Mkuu kaniita. Kuna kongamano Jumatano, diwani ndiye mgeni rasmi. Kasikia tuna matokeo mazuri, ya tisini na sita.

Nikamwambia yale ni takataka.

Akavua miwani, akaifuta. Akasema tuna matokeo ya aina mbili, na mtafiti mwenye busara huchagua yanayojenga. Yanayojenga! Nikamwuliza utafiti ni matofali? Akasema mimi nina hasira za karibu, nikapime presha. Akasema idara inategemea wakubwa, mkono mtupu haulambwi. Nikamwambia basi alambe peke yake, mimi nina vipindi. Mlango nimeufunga kwa nguvu kidogo. Si kidogo.

Huyu mtu tulisoma pamoja. Mbinu hizi hizi alizifundisha kabla yangu, tena vizuri. Hilo ndilo linaloniunguza zaidi.

Jumatano, 20 Machi

Tumewasilisha thelathini na moja.

Bi Swali alisoma. Hakumtaja mtu. Alipofika kwenye kibanda kilichovunjwa, ukumbi mzima ulisahau kukohoa. Mkuu alikuwa anatazama dari kama anatafuta mahali linapovuja. Diwani alitabasamu mwanzo mpaka mwisho.

Baadaye akanishika mkono, akaufunika kwa wa pili. Amefurahi sana, anasema. Angependa kuwatembelea wananchi hao, awasikilize mwenyewe. Nikamwambia haiwezekani, Mheshimiwa. Hatuna majina. Hatuna namba za nyumba. Hata anipeleke mahakamani, sina cha kutoa. Nilisema kwa sauti, wanafunzi wasikie.

"Sawa, sawa, Mwalimu," akasema. Upole mtupu.

Wanafunzi walinipigia makofi. Nimerudi nyumbani naimba. Muhula huu sijawahi kuimba.

Ijumaa, 22 Machi

Naandika ndani ya teksi. Gari halisogei. Nisipoandika nitapiga mayowe.

Nimekutana na Mkuu kwenye ngazi. Kachangamka! Ananiambia nisiwe na wasiwasi, siri zangu hakuna aliyezigusa. Mheshimiwa aliomba utaratibu wa utafiti tu, naye Mkuu akampa asubuhi hii. Una muhuri, ni waraka wa wazi. "Si wewe unayewaambia watoto kwamba utafiti wa kweli mtu yeyote anaweza kuurudia?"

Sikuelewa mara moja. Nilishuka ngazi tatu nne hivi. Kisha nikashika ukuta.

Anzia kwenye mashine ya kusaga. Upande wa kulia. Kila nyumba ya tano.

Mjinga mimi! Mjinga mwenye shahada tatu! Majina nimeficha, namba nimeficha, halafu nikachora njia mpaka mlangoni na kuipigia muhuri. Nikaisoma mara mbili kwa kuipenda! Na Mkuu alijua. Alijua wakati anafuta miwani yake. Hakuhitaji kuiba kitu. Alihitaji tu kukumbuka alichofundisha.

Nimempigia shangazi. Nyuma ya sauti yake nasikia cherehani.

Shangazi, ingiza mashine ndani, ufunge mlango.

"Nifunge mlango mchana huu, nimefiwa? Nina sare za watoto wa watu hapa."

Shangazi, tafadhali.

"Hebu ngoja. Yule wa mwavuli yuko pale mashine ya kusaga na wenzake wawili. Anakuja polepole, kidole juu, midomo inacheza. Kasimama kwa kinyozi wetu. Kaandika. Anakuja tena. Anahesabu nini huyu?"

Mimi, mwalimu wa mbinu, mwenye jibu la kila swali, nikamwambia dereva apige honi.

Cherehani ikasimama.

"Mwanangu. Yule binti aliyekuja kuniuliza maswali, yule mwenye maneno mengi. Ni wako?"

Ni wangu, shangazi.

"Aliniapia."

Najua. Nilimfundisha mimi.

Akavuta pumzi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akauliza kwa utaratibu, kama anayemwuliza mteja kipimo cha kiuno:

"Na mimi ni nyumba ya ngapi?"

Dereva anasema mbele kuna lori limeziba njia. Simu iko wazi, shangazi anasubiri. Nahesabu kwa vidole kutoka mashine ya kusaga: muuza mkaa, nyumba ya geti jekundu, wale mapacha, duka lililofungwa, kinyozi, huyo wa tano. Kisha mjane, chumba cha mafunzo, nyumba mbili za yule mwenye mbwa. Kisha baraza yenye cherehani, ya kumi.

Nahesabu tena. Labda chumba cha mafunzo si nyumba.