Papa Ananie, Etiketi Zako Zimemaliza Mwaka

Mwaka umezunguka, Papa, tangu Jumanne ile ulipotuacha kimya kimya, kiatu kimoja mguuni na kingine bado mkononi. Ulikuwa unajiandaa kwenda Beni kazini. Ile tension, presha ya damu uliyosema itangoja mpaka urudi, haikungoja. Tunaandika haya, sisi watoto wako wa mwisho, tukiwa nyumbani kwako Butembo, Mama amekaa pembeni anatukosoa kila mstari, na tunajua ungekuwapo ungetuuliza kwanza kama rallonge tuliyochomekea simu, ule waya wa kurefushia umeme, tumeikagua. Tumeikagua, Papa. Tulia.

Kwa wasiokufahamu, tuseme basi. Wewe Kakule Ananie kwa miaka ishirini na miwili ulipita nyumba kwa nyumba ukipima mashini za umeme. Wenye nyumba za kupangisha walikuita kabla ya kumpa mpangaji ufunguo, na wenye maduka, saluni na vyumba vya wageni walikuita kila mwaka. Ulipiga magoti, ukapapasa waya wote kwa vidole, ukafungua fishi, kile kichwa cha waya kinachoingia ukutani, kisha ukashikiza kipimo chako kwenye chuma cha mashini na kutazama kama umeme unavuja. Kama mashini ni salama, ulibandika etiketi ya kijani: tarehe, jina lako, na maneno "mwaka moja". Kama si salama, ulitoa mkasi, ukakata ile fishi na kuitia mfukoni.

Ee Mungu wangu, hizo fishi! Mama hakufua suruali yako bila kuokota tatu nne. Watu waligombana nawe. Mwenye baa mmoja alikufuata mpaka barabarani anapiga kelele, "Papa Ananie, unirudishie fishi yangu!" Nawe, kwa ile sauti yako ya kubembeleza ambayo ilimuudhi mtu kuliko matusi, ukamjibu, "Utengeneze friji kwanza. Fishi nitakurudishia. Mutoto yako sitaweza kukurudishia." Akakuita mchawi. Wiki mbili baadaye alikuja mwenyewe na friji imefungwa kwenye pikipiki, anacheka.

Hukukubali chai ya mtu kabla hujapima birika lake. "Chai itakuya nyuma," ulisema. "Mutu akisha kunywa chai ya mwenye nyumba, macho yake inakuwa ya mugeni." Na ile tabia ya kugusa kila kitu cha chuma kwa mgongo wa mkono! Kiganja, ulitueleza, umeme ukikikamata kinajifunga na hakiachi, lakini mgongo wa mkono unaruka wenyewe. Tulipokuwa na homa ulitugusa paji la uso vile vile. Jemima wako mpaka anafika miaka kumi alidhani baba wote ndivyo wanavyogusa watoto.

Kwaya hatutaigusia sana. Uliimba kwa moyo wote, na padri alikuvumilia.

Tulipokuzika, mkoba wako aliuchukua Jemima. Hakuna aliyeshangaa. Miaka mitatu ya mwisho alikuwa anakubebea kipimo na kukuandikia daftari, na ulishasema mbele za watu kwamba masikio yake yanasikia motere inayougua kabla wewe hujasikia. Mwezi wa kwanza alipanda pikipiki mpaka Beni, kwa bwana Paulin, yule mwenye nyumba ya vyumba kumi na vinne kule mtaa wa Beu. Alimkuta mlangoni.

"Papa Paulin, nimekuya kupima vyumba. Zingine zilisha kupita mwaka."

Paulin alimshika bega. "Jemima, mutoto yangu, etiketi ya papa yako ingali pale. Minaitoa aje? Ule alikuwa mutu wa haki. Acha tu ikae."

Mama Sofia, fundi wa nguo aliyepanga chumba cha mbele, naye akainua pasi yake kumwonyesha. "Tangu papa yako aandike hapa, hainichomi hata siku moja. Mi naiangaliaka nasema, Mungu amurehemu."

Jemima alilia palepale, lakini kwa furaha. Kuona jina la baba yako limetunzwa hivyo katika nyumba ya watu, nani asingelia? Akarudi Butembo bila kupima hata taa. Ikawa hivyo Beni, ikawa hivyo huku mjini: kila alikokwenda walimpa chai, wakamwonyesha etiketi yako kama picha ya mtakatifu, wakamwambia apumzike. Naye alipumzika. Alijiambia anakuheshimu. Mwenyewe anasema leo kwamba mwaka huu wote alikuwa anatembeza mkoba tu.

Wiki tatu zilizopita, Jumapili, alikuja na mwanawe Shekinah kula kwa Mama. Akaona mpini wa friji umezungushiwa kitambaa cha kitenge, mara tatu, na fundo. Chini yake, jozi ya viatu vya plastiki. Shekinah, ambaye ana miaka mitano na hana siri, alivaa vile viatu vikubwa kabla ya kwenda kuchukua maji ndani ya friji.

"Juu ya nini unavala hivyo?" Jemima akamuuliza sababu.

"Koko alisema tuvale kwanza. Juu Koko Ananie anasalimiaka mukono." Koko kwake ni bibi, na ni babu pia.

Mama alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Inanipigapiga tu kwa vidole," alisema. "Asubuhi, mukono ikiwa na maji. Mi nasemaka ni papa yako ananisalimia."

Jemima alifungua lile fundo, akagusa mpini kwa mgongo wa mkono. Mkono uliruka. Tangu tuzaliwe, hatujawahi kumsikia akimpigia Mama kelele, lakini siku hiyo alipiga.

"Mama! Ungekufa hapa jikoni! Na mutoto yangu?"

"Ningekufa na nini? Etiketi ya papa yako iko pale."

Jemima akachomoa friji, akaenda kwenye mkoba kutafuta mkasi. Aliporudi, Mama alikuwa amesimama mbele ya friji, mikono ameipanua, mwanamke wa miaka sitini na tatu.

"Hapana kata! Ukikata, utatoa na ile karatasi. Ni ya mwisho, Jemima. Aliiandika siku tatu mbele ya kufa."

Jemima akampigia Luc simu. Kijana wako alikuwa Oicha, katikati ya magunia ya kakao, na alijibu kama tulivyotegemea: "Umuache Mama na karatasi yake. Ichomoe tu, ikae." Ikae! Wewe unamjua Mama. Tungegeuka tu mgongo, angechomeka, kwa sababu samaki wake wataoza na kwa sababu anataka kusalimiwa.

Basi Jemima akaketi sakafuni, akafungua fishi, angalau aone. Ndani, ule waya wa kijani na manjano, unaopeleka umeme uliovuja ardhini badala ya kuupeleka kwa mtu, haukufungwa popote. Ulikuwa umekunjwa nyuma, na vumbi juu yake. Vumbi la zamani, Papa. La zaidi ya mwaka. Nyuma ya friji, karibu na motere, waya ulikuwa umesuguliwa mpaka shaba ikaonekana.

Hapo ndipo Jemima alipoogopa kweli, kuliko alivyoogopa umeme. Fishi ile hukuifungua. Wewe, ambaye ulikata fishi ya redio ya mama mkwe wako siku ya ubatizo, uliweka jina lako juu ya mashini usiyoipima. Na kama uliweka hapa, je, kule Beu? Je, vyumba kumi na vinne vya Paulin? Alihesabu nyumba kichwani, akaona watu waliolala humo.

"Mama," alisema, "Papa aliipima hii friji kweli?"

Mama alikaa chini naye, jambo ambalo magoti yake hayapendi. Mwishowe akasema, "Hakuipima."

Na akaeleza. Ilikuwa Jumamosi. Ulikuwa unatetemeka, umeshika ukuta, lakini mwaka wa friji ulikuwa umeisha, fishi yake ilikuwa imebadilishwa na fundi mmoja ulipokuwa safarini, na ulitaka kuisogeza. Mama akakukataza. "Nilimuambia, baba Jemima, hii ni yetu, andika tu ukalale. Nani atatulaumu? Akaniangalia. Akasema, Emérence, haifanyikake vile. Mi nikamuambia, basi ufanye juu yangu, juu unanipenda." Mama alifuta macho na kile kitambaa cha kitenge. "Akaandika. Maisha yake yote ni karatasi moja tu ya uongo, na aliiandika juu yangu. Ndiyo maana sikutaka mutu aiguse."

Jemima alimkasirikia Mama. Alikukasirikia na wewe, tusifiche. Kisha hasira ikamwishia, akamlalia Mama begani, wakalia wote wawili hapo sakafuni, na Shekinah akawaletea maji, bado amevaa vile viatu.

Mama ndiye aliyeomba mkasi. Akakata fishi mwenyewe, kwa mikono miwili, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Lakini etiketi hakuweza. "Uitoe wewe," akamwambia Jemima. "Mi mukono inakataa." Jemima akaanza pembeni kwa ukucha, pole pole, akitaka itoke nzima ili Mama aihifadhi. Haikutoka nzima. Gundi yako ilikuwa nzuri mno, na jina lako likapasuka katikati. Mama akatazama vipande. "Si kitu," akasema. "Endelea."

Kesho yake Jemima aliweka waya mpya, akafunga ule wa ardhini, akapima, akapima tena. Mama alisimama juu yake muda wote. "Upime kweli," alimwambia. "Hata mi nikikuambia uache, usiache."

Jumatano hiyo Jemima akapanda tena kwenda Beni, roho mkononi. Njia nzima alikuwa anajiuliza kama anakwenda kuuza jina la baba yake. Alimwambia Paulin yote, mlangoni pale pale, bila kupamba: kwamba etiketi ya nyumbani kwetu ilikuwa ya uongo, na kwamba hajui kama za Beu ni za kweli. Paulin akaenda kuleta funguo zote.

Walipima mpaka jioni. Ndani ya kila fishi, waya wa ardhini ulikuwa umefungwa barabara, na skrubu imekazwa kwa ile nguvu yako ambayo ilitushinda sote kufungua. Kazi yako ilikuwa ya kweli, Papa. Jemima alilia chumba hadi chumba, mpaka wapangaji wakadhani kuna msiba. Lakini mwaka ni mwaka. Katika chumba cha saba, réchaud ya mwanafunzi mmoja, jiko dogo la umeme, ilikuwa imeungua waya mpaka ndani, na etiketi yako ya kijani ikiwa bado inang'aa juu yake. Pasi ya Mama Sofia ilikuwa imepasuka waya kwenye shingo. Alikuwa ameizungushia kitambaa na kuendelea kupiga nguo. "Mi niliona jina yake pale, nikatulia," alisema.

Ndiyo maana hatukuandika mwaka huu kama familia nyingine zinavyoandika. Siku unayotimiza mwaka, etiketi zako za mwisho nazo zinatimiza mwaka. Ndugu wenye nyumba, wenye maduka, wapangaji, wa Butembo na wa Beni: kama kwako kuna karatasi ya kijani yenye jina la Ananie, tunakuomba uibandue. Usituonee huruma. Si lazima umwite Jemima; mwite yeyote anayeijua kazi, mradi afungue fishi na apime. Mmeliacha jina lake pale kwa kumpenda, tunajua, na tunawashukuru mpaka machozi. Lakini yeye alipima umeme wa siku ile. Wa leo hajaupima.

Wapo watakaosema tumemwaibisha baba yetu. Luc alisema hivyo, akataka ile habari ya friji iondolewe. Mama akakataa. "Muandike yote," alisema. "Alikosa mara moja, na ni mimi nilimukosesha. Muandike na jina yangu." Tumeandika.

Misa yako itasomwa Jumamosi asubuhi, na baada ya misa wote mnakaribishwa nyumbani.

Wanaokukumbuka: mke wako Emérence, ambaye kila asubuhi anafungua friji na haisemi kitu, na anasema kimya hicho ndicho kigumu, binti yako Jemima, mwanao Luc aliye Oicha, ambaye mwishowe alikubali, sisi watoto wako wa mwisho tulioandika haya, mjukuu wako Shekinah, bwana Paulin na wapangaji wake wa Beu, na wote ulioondoka na fishi zao mfukoni.

Wasingya, Tata; asante, Papa. Kwenye mashini za watu tunalitoa jina lako, moja baada ya jingine, kwa mikono yetu wenyewe. Kwetu halitoki.