Kaseti Iliyokuwa Kwenye Droo ya Vifungo

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Jina: anajulikana kama Mama Kinanda, jina la kitambulisho lipo kwenye jalada
Umri: miaka 57
Kazi: fundi cherehani
Makazi: nyumba ya tatu kutoka mashine ya kusaga, mlango wa bluu
Elimu: darasa la saba. Ameomba aandike kwa mkono wake mwenyewe.
Siku na saa: Alhamisi tarehe 14, saa nne na dakika kumi asubuhi

Kaseti ninayo mimi. Haikuibwa. Mtoeni yule fundi wa redio, hana kosa lolote, mwenye kosa ni mimi. Nimeliandika hili kabla hata ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka, najijua. Sasa hamjambo, na poleni na kazi.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, ambaye mtaa mzima unamwita Kinanda kwa wepesi wa vidole vyake. Ni mwendesha kreni bandarini. Anakaa juu kabisa kwenye kijumba cha vioo, anashika vijiti viwili, anashusha kontena zima kwenye lori kama mtu anayeweka kikombe juu ya kisahani. Wanaume wenye mvi wanamwomba awafundishe. Afande ameniambia hili halihusiani na kesi. Linahusiana.

Kinanda alipokuwa mtoto alikuwa na mashine ya gemu, zile za zamani za kuchomeka kaseti kwa juu. Kaseti aliyoipenda ni moja, ya kijivu, gemu la kuendesha kijitreni ndani ya mgodi. Gemu hilo lina mahali pa kuandika jina lako na kuhifadhi ulipofikia. Mwanangu hakuandika jina lake. Aliandika MAMA. Alifika hatua ya tisini na nane, na mpaka leo ukiichomeka inaandika hivyo: MAMA 98. Mashine yenyewe ilikufa akiwa na miaka kumi na mitatu. Ilivyokufa nitasema mbele, nikipata nguvu.

Jumapili hii Kinanda anakuja likizo, ya kwanza kwa miaka miwili. Nikaona nimtafutie mashine mpya iliyotengenezwa kwa kuiga ile ya zamani, acheze tena kaseti yake.

Mnamo tarehe 9, siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, nilifika dukani kwa fundi wa redio, mkabala na duka la vitambaa. Nilikuwa na kaseti. Alinipangia mashine tatu juu ya meza.

Ya kwanza ndogo, ina michezo mia sita ndani lakini haina pa kuchomeka kaseti. Akasema, "Hii usiichukue, mama. Mia sita zenyewe nusu ni zilezile zimebadilishwa majina. Halafu kaseti ya mwanao utaichomeka wapi, sikioni?"

Ya pili ya wastani, ina mdomo wa kaseti, inaisoma moja kwa moja kama ile ya zamani, na waya wake unaingia kwenye TV za sasa. Akasema, "Mimi ningekuwa wewe ningechukua hii."

Ya tatu kubwa, nyeusi, inang'aa. Nikamwambia, "Fundi, mwanangu anainua kontena. Huwezi kumpa cha wastani. Nionyeshe hiyo kubwa." Akacheka, akasema, "Sawa, mama mwenye kontena," akaijaribu kaseti kwenye ya pili, kisha kwenye ya tatu. Zote zilisoma.

Wakati anaijaribu ile ya tatu alikuwa ananieleza inavyofanya kazi. Alinieleza, siwezi kusema hakunieleza. Ila palikuwa na mteja amekaa anasubiri simu yake, nami nilikuwa ninamweleza yule mteja habari za Kinanda, alivyosifiwa na wakubwa wa bandari. Sikio langu lilikuwa mbali. Fundi aliitoa kaseti, akaifunga kwenye kitambaa cha kufutia vioo, akanikabidhi mkononi. Nilipokea huku ninaongea. Niliondoka saa tano kasoro, nikimwambia nitarudi kuchukua ile kubwa.

Mnamo tarehe 11, Jumatatu, saa tisa alasiri, nilipita hapo nikitoka kununua uzi. Mteja mmoja alikuwa anaijaribu ile mashine nyeusi. Nikatazama TV. Imeandika MAMA 98. Nikatazama mdomo wa mashine. Mtupu. Hakuna kaseti.

 Niliuliza, "Fundi, kaseti yangu iko wapi?" Akasema, "Nilikupa, mama. Jumamosi." Nikasema hukunipa. Akasema, "Mama Kinanda, tulia, hebu kwanza katafute nyumbani." Hilo la "tulia" ndilo lililoniwasha. Alitaka kueleza zaidi, nikamfunika kwa kelele. Nilimwita mwizi mara nyingi, na muuza vitambaa alitoka na mita yake ya kupimia shingoni, na watu walijaa mpaka barabarani. Saa kumi nilikuwa hapa kituoni. Nilisema nimeiona kwa macho yangu, na kweli niliiona, ila sikujua ninaona nini. Saa kumi na moja mlimleta fundi na mashine zake zote tatu. Nilipokuwa ninatoka alinitazama tu. Afadhali angenitukana.

Mnamo tarehe 13, Jumatano, saa tatu asubuhi, nilikuwa ninamalizia gauni la kijani. Ni la mke wa fundi. Alilileta wiki iliyopita kabla ya haya yote, na kazi ni kazi. Lilibaki kifungo cha shingoni. Nikavuta droo ya vifungo. Chini ya makopo nikakuta kitambaa cha kufutia vioo, kimefungwa fundo. Sikuhitaji kukifungua, lakini nilikifungua.

Hapo ndipo ninapotaka mnisome vizuri. Ningeweza kuja kituoni wakati uleule, ni mwendo wa dakika kumi na tano. Sikuja. Nilikishona kifungo. Nilijiambia labda kaseti ziko mbili. Nilijiambia basi ile iliyoonekana kwenye TV ni nini? Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshatangaza mtaa mzima, mpaka kwenye mashine ya kusaga, na aibu ilinishika miguu.

Saa nane mchana mke wa fundi alikuja kuchukua gauni. Kaseti ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Sikumtazama usoni. Alilishika gauni, akapapasa upindo, akasema, "Umeshona vizuri, dada. Nilitaka nilivae Jumapili, sasa sijui." Kisha mlangoni akageuka, akasema, "Na pole na wewe, kwa kaseti ya mtoto."

Alinipa pole. Mimi. Nikasema, "Ahsante." Ndivyo nilivyosema, ahsante.

Leo saa mbili asubuhi nilimpigia simu Kinanda. Nilimuuliza kama mashine inaweza kuonyesha gemu bila kaseti.

Akacheka. "Zipo za hivyo, mama. Unachomeka mara moja tu, inanakili kila kitu, mpaka jina na hatua uliyofikia. Kuanzia hapo inacheza hata kaseti ukiitoa. Kwani nani kakwambia habari hizo?"

Nikasema, "Nimeuliza tu."

"Mama, usije ukaninunulia. Ile yangu waliimaliza panya, nilishaizika. Wewe nipikie tu."

Nilikata simu nikisema salio linaisha. Salio lilikuwepo.

Afande aliponipokea aliniuliza kama nimewahi kumsingizia mtu kabla ya hapa. Nilijibu hapana. Ninalifuta jibu hilo. Niliwahi kuwasingizia panya.

Ile mashine ya zamani haikuliwa na panya. Kinanda alikuwa ameleta alama mbaya za hesabu, na mimi nilikuwa ninajisifu kwa majirani kwamba wangu ana akili. Nilichukua mkasi wa kukatia kitambaa, nikakata waya wa umeme na nyaya za pedi zote mbili za kuchezea, vipande vipande. Alipotoka shule nikasema, "Panya hao." Mashine nikampa muuza vyuma chakavu siku ileile, kwa sababu panya hakati waya ukanyooka vile. Mtoto akatega mtego. Kila asubuhi anakwenda kuutazama kabla ya shule. Wiki tatu. Hatukukamata hata mjusi. Baadaye aliniambia, "Mama, labda walihama," na mimi nikaitikia, "Labda."

Vidole vinavyoshusha makontena leo vilijifunzia kwenye mashine niliyoikata. Ndiyo maana nilisema linahusiana. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimezaa nikaficha, na sasa nimemficha mume wa mwenzangu mahabusu siku tatu kwa sababu ya mdomo.

Ninafuta malalamiko yangu yote ya tarehe 11. Kama kuna adhabu ya kusema uongo kituoni, nipo, mlango wangu ni wa bluu. Mashine nitachukua ile ya pili, ya wastani, aliyonishauri fundi tangu mwanzo, kama bado atakubali kuniuzia.

Yote hapo juu nimeyaandika mimi bila kulazimishwa, nimeyasoma tena, na nimeyaona mabaya lakini ni ya kweli. Ninaongeza hili: Kinanda atakuwa nyumbani saa nane mchana. Waje wote waliosikia nikimwita fundi mwizi, wanisikie nikisema si mwizi. Aje fundi. Aje mkewe na gauni lake la kijani. Na wewe afande uje. Habari ya panya nitaisema hapohapo mbele ya mwanangu, kabla mashine haijawashwa. Ni Jumapili, tarehe 17.

Saini ya shahidi: Mama Kinanda

Maelezo ya afisa: Shahidi ameandika kurasa nne kwa hiari yake. Kaseti moja ya kijivu imetazamwa na kurudishwa kwake kwa saini. Ameonywa kuhusu taarifa zisizo za kweli. Uamuzi ni wa mkuu wa kituo. Fundi ametolewa mahabusu saa tano na nusu na kurudishiwa mashine zake tatu. Alipoelezwa sababu, aliuliza kama kaseti ni nzima. Shahidi amesimama nje ya geti akimsubiri, na ameniuliza mara mbili kama nitakuja. Nimetazama orodha ya zamu. Yangu inaisha saa saba, Jumapili.